Video Isiyoanza Haihesabiwi

Mwishoni mwa mwaka 2009 wahandisi wa YouTube walikumbana na takwimu iliyowachanganya. Mmoja wao, Chris Zacharias, alikuwa ameupunguza uzito ukurasa wa kutazamia video. Ukurasa wa kawaida ulikuwa na megabaiti 1.2 hivi. Ule alioutengeneza yeye, uliopewa jina la Feather, ulikuwa na kilobaiti 98 tu. Kila mtu alitarajia kwamba ukurasa mwepesi utafunguka upesi zaidi. Walipoufungulia sehemu ya watumiaji na kusoma vipimo, wakakuta wastani wa muda wa kusubiri umepanda badala ya kushuka.

Ilibaki kidogo tu waseme kazi imeharibika. Walipozigawa takwimu kwa ramani ndipo jambo lilipoeleweka. Watu wapya walikuwa wameingia: wa Asia ya Kusini-Mashariki, wa Amerika ya Kusini, wa Siberia na wa Afrika. Hapo awali ukurasa ule mzito uliwachukua dakika zaidi ya 20 kufunguka, yaani kasi isiyofika hata kilobiti 10 kwa sekunde, kwa hiyo walikata tamaa na kuondoka kabla mtambo haujawaandika. Sasa walisubiri kama dakika mbili, kisha video ikacheza. Dakika mbili ni balaa kwa mtu wa California, ila hawa waliziona afadhali, na kwa kuwa walikuwa wengi, wakaupandisha wastani.

Kipimo cha awali hakikuwa na uongo ndani yake. Kilisema kweli juu ya wale waliofika. Wasiofika hawakuandikwa kuwa wana huduma mbovu wala nzuri, hawakuwemo. Nasimulia kisa hiki kwa sababu historia ya mawasiliano ya Masisi na Walikale, teritware (yaani wilaya) mbili za Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, ni historia ya watu wasiokuwemo katika hesabu za namna hiyo.

Miaka hiyohiyo, katika msitu wa Walikale, ndege ndogo zilikuwa zikitua juu ya barabara. Pale Kilambo, kipande cha lami cha barabara kuu ya Bukavu kwenda Kisangani kilifanywa uwanja. Askari walizuia magari, ndege ikashuka, magunia yakapakiwa, ikapaa kuelekea Goma. Ndani ya magunia mlikuwa na kasiterite, jiwe zito linalotoa bati. Lilitoka Bisie, mlima uliogundulika kuwa na madini mwanzoni mwa miaka ya 2000, na lilitoka huko mgongoni mwa watu. Njia ilikata msitu kwa kilomita zipatazo 45, na mbebaji aliinuka na gunia la kilo 50, akilipa ushuru kwa kila mwenye bunduki aliyemkuta njiani.

Bati ndilo linalolehemu vipuri kwenye ubao wa simu, wa kompyuta na wa seva. Upande wa Masisi, milima ya Rubaya hutoa koltani, ambamo hupatikana tantalamu ya kapasita ndogo zinazotunza chaji ndani ya mashine hizohizo. Bei ya koltani ilipopanda mara kadhaa mwaka 2000, watu waliacha mashamba na ng'ombe wakaenda kuchimba, na chama cha RCD kilichotawala Goma wakati huo kikajaribu kuiweka biashara yote chini ya kampuni moja. Mashine za kuchezea video, na za kuipima, zilikuwa na madini ya namna hii ndani yake, ilhali walioyachimba hawakuwa na njia ya kuitazama video hata moja kupitia mtandao.

Kupima ubora wa picha ni kazi ya zamani kuliko intaneti ya watu wa kawaida. Mwaka 1974 Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ulipitisha pendekezo ambalo leo linajulikana kama BT.500. Lilieleza jinsi ya kuwakalisha watazamaji mbele ya televisheni na kuwaomba watoe alama. Watazamaji wasiwe mafundi wa picha. Wasipungue 15. Macho yao yapimwe kwanza, na uwezo wao wa kutofautisha rangi pia. Chumba kiwe na mwanga hafifu, na umbali wa kiti ulingane na kimo cha skrini. Kisha kila mmoja anasema: tano ni bora kabisa, nne ni nzuri, tatu ni ya wastani, mbili ni duni, moja ni mbaya. Jumla hugawanywa kwa idadi ya watu, na wastani huo ukawa mzani wa dunia.

Ni njia nzuri, na sina ugomvi nayo. Ila inaanza na mtu aliyekwisha kuketi, umeme ukiwa umewaka na picha ikiwa tayari inacheza. Ngazi ya chini kabisa ni moja, sifuri haipo.

Masisi ya mwaka 1974 ilikuwa nchi ya malisho na mashamba makubwa, na Walikale, yenye kilomita za mraba zaidi ya 23,000, ilikaribia Rwanda nzima kwa ukubwa huku barabara zake zikiwa chache. Habari zilisafiri kwa redio ya mawimbi mafupi ambayo watu wa Kongo huiita fonii. Misheni ilikuwa na fonii, mwenye duka kubwa alikuwa nayo, uwanja wa ndege ulikuwa nayo. Mtu alipanga miadi: kesho saa nne ndugu yako aje kwenye mashine. Sauti iliingia na kutoka katika mivumo, na kila aliyekuwa chumbani alisikia mambo yenu. Ubora ulipimwa kwa swali moja tu, kama unanisikia.

Mwaka 1986 Miko Rwayitare, mhandisi mwenye asili ya Rwanda, aliileta simu ya mkononi Kinshasa kupitia kampuni ya Telecel, miongoni mwa mitandao ya kwanza ya aina hiyo barani Afrika. Ilikuwa simu ya mawaziri na matajiri. Mashariki ilikaa miaka mingi bila hiyo. Wakati wa vita, baada ya 2001, makamanda na wanunuzi wa madini walitembea na Thuraya, simu ya satelaiti iliyopiga popote penye anga wazi. Celtel ilianza kazi Kongo mwaka 2000 na Vodacom ikafuata 2002. Minara ikatoka Goma, ikafika Sake, ikapanda Masisi polepole, ikifuata pesa ya biashara na ya madini. Kwa vijiji vingi, chombo cha umma kilichofika kwanza na kwa uhakika kilikuwa Radio Okapi, iliyoanzishwa na Umoja wa Mataifa na shirika la Hirondelle tarehe 25 Februari 2002. Redio haiombi jibu kutoka kwa msikilizaji, ndiyo sababu inafika mbali kwa umeme mdogo.

Intaneti ya Goma ya miaka hiyo ilitoka angani. Satelaiti ya mawasiliano iliyosimama juu ya ikweta iko umbali wa karibu kilomita 36,000, na ombi la ukurasa likienda na jibu likirudi linapoteza kama nusu sekunde njiani hata kama hakuna msongamano. Barua pepe haioni shida. Video ilikuwa anasa ya ofisi za Umoja wa Mataifa. Mambo yakabadilika pwani kwanza: mwaka 2009 nyaya za bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na EASSy ikafuata 2010. Upande wa Atlantiki, Kongo iliunganishwa na kebo ya WACS huko Muanda mwaka 2013. Kutoka Muanda hadi Goma ni safari ya kuivuka nchi nzima. Ndiyo maana Goma, iliyo mpakani na Rwanda, ilitazama Bahari ya Hindi. Ila waya unaofika Goma haupandi wenyewe mlima wa Sake. Toka hapo ishara inarukishwa kutoka kilele hadi kilele kwa mikrowevu, na mnara unakula dizeli inayopelekwa kwa barabara ya tope. Mvua ikikata barabara, au bunduki zikiikata, jenereta huzimika na mtandao unakufa.

Kilichotokea Walikale mwaka 2010 kiliondoa suala la mtandao katika orodha ya starehe. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti, makundi yenye silaha, likiwemo kundi la waasi wa Rwanda la FDLR na lile la Mai-Mai la Ntabo Ntaberi Sheka, yaliingia vijiji 13 kwenye barabara ya Kibua kwenda Mpofi, Luvungi kikiwa kimojawapo. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa: wanawake, wasichana, wanaume na wavulana. Kibua yenyewe ilikuwa na kambi ya walinda amani. Vijiji havikuwa na mtandao wa simu. Hakukuwa na namna ya kupiga kelele ikasikika upande wa pili wa msitu, na ukubwa wa jambo ulijulikana baada ya siku nyingi. Sheka alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi ya Goma mwezi Novemba 2020.

Baada ya Luvungi, MONUSCO, ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa, ilipanua mitandao ya tahadhari ya jamii: watu waliochaguliwa kijijini walipewa simu, na palipokosa mnara wakapewa redio, pamoja na namba ya kupiga wakiona hatari. Katika milima ya Masisi na misitu ya Walikale watu walijua tayari sehemu za rezo, yaani mwamba fulani, mti fulani, kona fulani ya kilima ambapo vijiti viwili vya ishara hutokea jioni. Kazi ya kupima mtandao ilikuwa ikifanywa kwa miguu, na waliojua matokeo yake walikuwa wanakijiji.

Wakati huo huo, sayansi ya kupima video ilikuwa imehama kutoka kwenye chumba chenye mwanga hafifu. Video haikurushwa tena kama televisheni. Apple ilileta mwaka 2009 njia ya kuikata vipande vya sekunde chache, kila kipande kikiwa kimehifadhiwa kwa ukubwa mbalimbali, na mwaka 2012 kanuni ya kimataifa ya aina hiyo, DASH, ikachapishwa. Simu hupima kasi inayopata kisha huomba kipande kinachoiweza: mtandao ukiwa mzuri inachukua kikubwa, ukidhoofika inashuka hadi picha yenye ukungu. Vipande vilivyokwisha kufika hukaa kwenye akiba, mfano wa maji ndani ya dumu. Mtazamaji anachota kwa kasi ileile, na bomba likiingiza kidogo kuliko anavyochota, dumu hukauka. Hapo ndipo kiduara huanza kuzunguka.

Kiduara kile kikawa ndicho kipimo kikuu. Mwaka 2011 watafiti wa kampuni ya Conviva na wenzao wa vyuo vikuu walionyesha kwamba katika matangazo ya moja kwa moja ya dakika 90, muda wa kukwama ukiongezeka kwa asilimia moja, mtazamaji hupunguza zaidi ya dakika tatu za kutazama. Mwaka uliofuata, S. Shunmuga Krishnan na Ramesh Sitaraman walichambua mitazamo milioni 23 ya wateja wa Akamai, kampuni ya kusambaza video mtandaoni. Wakakuta watu huanza kuondoka video ikichelewa zaidi ya sekunde mbili, na kila sekunde moja ya ziada huongeza wanaoondoka kwa asilimia 5.8 hivi. Wenye intaneti ya kasi nyumbani walikata tamaa mapema kuliko wenye simu. Aliyezoea polepole husubiri.

Sekunde mbili! Masisi mtu aliyetaka filamu mwaka 2012 hakwenda kwenye mtandao kabisa. Alikwenda kwenye kibanda cha kuchajia simu, chenye paneli ya jua au jenereta ndogo, nyaya nyingi mezani na kompyuta moja. Alitoa kadi ya memori, akalipa, akajaziwa nyimbo, mahubiri na filamu ambazo mwenye kibanda alizipakia Goma. Ukilinganisha na takwimu za Akamai, video ile haikukwama hata mara moja na haikula mega hata moja. Baadaye zikaja programu za kurushiana mafaili simu kwa simu, kisha WhatsApp, ambayo kwa miaka mingi ilibana video isizidi megabaiti 16. Yote haya ni usambazaji wa video, na wenye biashara ya vipimo hawakuuona kwa sababu haukugusa seva zao.

Hata vipimo vilipozidi kuwa vya kisasa, mwelekeo ulibaki uleule. Mwaka 2016 Netflix iliitoa VMAF hadharani, programu inayotabiri kwa alama kutoka sifuri hadi mia jinsi jicho la mtu litakavyoihukumu picha iliyobanwa. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano nao ukapitisha P.1203, inayochanganya ubora wa picha, sauti na kukwama na kutoa alama moja kwa kipindi kizima. Ni kazi ya kupendeza kwa fundi. Lakini ukiwa na mtandao wa kizazi cha pili tu, wenye kilobiti mia moja na ushei kwa sekunde siku yake nzuri, hata picha ndogo ya mistari 240 inasumbua, na alama za VMAF hazina la kukuambia.

Serikali, kwa upande wake, ilijua kuhesabu simu ilipotaka. Septemba 2020 ulianza mpango wa RAM, daftari la simu za mkononi. Mwenye simu ya kizazi cha pili alitozwa dola moja kwa mwaka, na mwenye simu ya kizazi cha tatu au cha nne dola saba, zikikatwa kidogo kidogo kwenye salio lake. Mtu aliyepanda kilima kutafuta rezo aliweka salio, na kabla hajapiga, sehemu ikawa imeondoka. Simu ya kizazi cha nne ililipiwa dola saba hata mahali ambapo kizazi hicho hakijawahi kufika. Kelele zilikuwa nyingi nchini kote na tozo ikaondolewa mwaka 2022. Kwa maoni yangu ule ndio ulikuwa wakati wa kudai kipimo: kama unanitoza kwa aina ya simu, nionyeshe kwanza aina ya mtandao ninaoupata hapa nilipo.

Kuhesabu kutokuwepo kunawezekana, na Kongo yenyewe imetoa ushahidi. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi mkuu, serikali ilikata intaneti kwa takriban siku 20. Shirika la NetBlocks, kwa kuangalia mitandao ya Kongo inavyoonekana kutoka nje, lilichora mstari ukishuka na kubaki chini. Dunia ilijua siku hizo kwamba Wakongo hawapatikani. Tofauti ni kwamba Kinshasa ilipozimwa ilikuwa habari, lakini kijiji cha Walikale ambacho hakijawahi kuwaka hakina mstari wa kushuka.

Kisha vita ikarudi kwa nguvu. Kundi la waasi la M23 liliiteka Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024, likaingia Masisi-mjini Januari 2025, na usiku wa kuamkia tarehe 27 mwezi huohuo likawa ndani ya Goma. Tarehe 13 Machi kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi Bisie, ambako sasa kuna mgodi wa kisasa unaotoa kiasi cha asilimia sita ya bati la dunia. Siku sita baadaye waasi wakaingia Walikale-mjini, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili, na mgodi ukafunguliwa tena. Katika miezi hiyo, familia zilizo Nairobi, Kampala, Brussels na kwingineko zilikuwa zikisubiri video kutoka vijijini. Zilifika zimechelewa, zimebanwa mara tatu nne kwa kupita kundi hadi kundi, nyuso hazitambuliki, na zile za zamani zikachanganywa na mpya. Nani anaweza kuthibitisha mavazi ya askari au kibao cha barabara kwenye picha iliyogeuka vigae? Ubora wa video hapo ni suala la ushahidi.

Satelaiti nazo zimerudi, safari hii zikiwa chini, kilomita 550 hivi juu ya vichwa vyetu, bila ule uvivu wa nusu sekunde. Machi 2024 mamlaka ya udhibiti wa mawasiliano, ARPTC, ilikataza Starlink, huduma ya satelaiti hizo, kwa kuwa haikuwa na leseni, huku jeshi likihofia kwamba waasi wanaitumia. Mwanzoni mwa Mei 2025 leseni ikatolewa. Kifaa chake kinahitaji umeme na fedha ya mwezi ambayo mkulima wa maharagwe wa Masisi hana, kwa hiyo watakaofaidi kwanza ni migodi, hospitali, mashirika na wenye silaha. Mwezi huohuo Vodacom na Orange walitangaza kuungana kujenga minara 2,000 ya umeme wa jua vijijini ndani ya miaka sita. Paneli ya jua haingojei lori la dizeli, na kwa barabara ya Sake hilo ni jambo kubwa.

Kampuni za video zina kipimo kimoja kinachofaa hapa: huandika kila mara mtu alipobonyeza na video isianze kabisa. ARPTC inapotoa ripoti za ubora, iwaombe waendeshaji wa simu takwimu hiyo kwa teritware na kwa sekta, isitoe wastani wa jimbo ambao Goma pekee inaweza kuupendezesha. Na palipo na watu pasipo na mnara, paandikwe sifuri. Wenye minara 2,000 nao wachapishe orodha ya mahali itakaposimama, kijiji kwa kijiji, na barabara ya Kibua kwenda Mpofi iwemo.